Somo la Neno: FUNDI

Mabibi na mabwana mlioketi darasani huko Old Moshi, nanyi mnaosikiliza mahali pengine, shikeni kalamu. Leo tunalo neno moja tu: FUNDI. Liandikeni. Herufi zake ni tano.

Mara nyingi husikika, "Yule hakusoma, ni fundi tu." Anayesema hivyo amekosea, na neno lenyewe linamkanusha. Tazameni haya: funda, funza, fundisha, mafunzo, mwanafunzi. Yote ni ukoo mmoja na fundi. Ukoo huo ni wa Kibantu, nao umefika mbali. Wazulu wa Afrika ya Kusini wakisema "funda" maana yake ni kujifunza, na "umfundisi" ni mchungaji wa kanisa. Basi neno fundi halikutaja nyundo wala cherehani. Limetaja kufundwa.

Waingereza nao huuita ustadi "skill". Walilipata neno hilo kwa watu wa Skandinavia wa kale, ambao kwao lilikuwa na maana ya kupambanua jambo hili na lile.

Sasa fikirini mfongo unaopita kihambani kwenu. Wazee wa Uchaga walikuwa na mifongo tangu kabla ya Rebmann kuuona mlima mwaka 1848. Waliyachepusha maji ya mto huko juu korongoni, wakayaleta polepole ubavuni mwa mlima mpaka migombani. Kazi ngumu ilikuwa mteremko. Ukizidi, maji hula udongo na kuvunja kingo. Ukipungua, maji husimama na matope hujaa. Pimamaji ya dukani haikuwapo. Jicho ndilo lililopambanua, na jicho hilo kijana alilipata kwa kufuatana na mzee, siku baada ya siku, jembe begani. Mzee yule hakuwa na cheti. Nani atasema hakusoma?

Siku hizi, lakini, cheti kinatakiwa, hata kwa mwashi aliyejenga nusu ya kijiji. VETA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: aliyejifunzia kazini hupimwa, na akifaulu hupewa cheti. Hapo ni vizuri uweze kusoma mwenyewe karatasi unayoitia sahihi.

Kazi ya nyumbani. Andikeni: "Mimi ni fundi wa ..." na kujaza pengo. Kupika pombe ya ndizi ni ufundi pia, akina mama, msijifiche. Chini yake andikeni jina la aliyekufundisha. Tutayasoma katika somo lijalo. Kwaherini.