Kupiga Ngoma ni Kazi

Sote tunaujua msimu wa ngoma huku kwetu. Mavuno yakishaingia ndani, kuanzia mwezi wa sita hivi, vijiji vya Masasi na Newala havilali. Huku watoto wanatoka jandoni, kule wali wanatoka unyagoni. Wamakonde, Wamakua na Wayao, wote wana ngoma zao. Asubuhi tunaulizana, "Jana ngoma ilikuwaje?" Tunawasifu waliocheza. Tunawasifu waliopika. Lakini je, ni mara ngapi tunamwuliza mpiga ngoma, "Mwenzetu, umelipwa nini?"

Mara nyingi amelipwa pombe, sahani ya ugali na noti mbili tatu alizotunzwa. Kesho yake mikono imevimba, na nyumbani hakuna chumvi.

Hebu tufikiri. Fundi wa kujenga nyumba tunapatana naye bei kabla hajaanza kazi. Fundi cherehani tunamlipa. Mbona mpiga ngoma tunamwona kama mtu anayejifurahisha tu? Mpiga ngoma naye ni fundi. Leo tutaeleza kazi yake, na jinsi anavyoweza kuipata riziki yake kwa njia mbili: kupiga na kufundisha.

UFUNDI WENYEWE

Ngoma zetu huchongwa kwa gogo moja la mti. Gogo hutobolewa ndani, kisha juu huwambwa ngozi na kukazwa kwa vigingi vya mti. Ngoma ndogo, vile vinganga, zina mguu uliochongoka wa kuchomeka ardhini. Hupigwa kwa vijiti vyembamba na sauti yake ni kali. Ngoma kubwa sauti yake ni nzito. Majina yake hutofautiana kijiji na kijiji.

Ngoma moja haitoshi kuchezesha watu. Wapigaji kadhaa hupiga pamoja, na kila mmoja ana pigo lake. Wengine wanashika pigo lile lile tangu mwanzo hadi mwisho, bila kulegea. Kiongozi ndiye anayebadilisha. Anamtazama mchezaji miguuni, anajua sasa anataka kugeuka, sasa anataka kusimama. Katika sindimba, mchezaji na mpigaji wanasemezana namna hiyo. Mpigaji akikosea, mchezaji anapotea.

Usiku kuna umande. Ngozi ikipata unyevu hulegea na sauti hufa. Kwa hiyo mpigaji mzuri huwasha moto karibu na kuzikanza ngoma zake. Moto ukiwa mdogo, ngozi haikazi. Ukiwa mkali, ngozi inapasuka. Je, hayo yote mtu anazaliwa nayo? Hapana. Amejifunza kwa miaka.

WALIOKULA KWA MIKONO YAO

Wako wapiga ngoma wa nchi hii ambao kazi yao iliwafikisha mbali.

Mzee Morris Nyunyusa hakuwa na macho ya kuona. Alizipanga ngoma nyingi kumzunguka, akazipiga zote peke yake. Wale wenye umri wanakumbuka: kabla ya taarifa ya habari ya Redio Tanzania, kwanza zililia ngoma zake. Nchi nzima ilinyamaza ikasikiliza.

Kule Unguja alikuwako Fatuma binti Baraka. Sote tulimjua kwa jina la Bi Kidude. Aliimba taarabu, na kwenye unyago alipiga msondo. Huku anapiga, huku anawafunda wali. Unyago huo wenyewe ulifika Unguja pamoja na watu waliotoka bara. Bi Kidude alipiga na kuimba mpaka Ulaya, na mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza. Alifariki mwezi wa nne mwaka 2013, akiwa bibi mzee sana. Hata uzeeni watu walikuwa bado wanamfuata awafundishe.

Tena, baada ya Uhuru, Serikali iliunda Kikundi cha Taifa cha Ngoma katika miaka ya 1960. Sindimba ikatoka uwanjani kijijini ikapanda jukwaani mbele ya wageni wa Taifa. Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Baadhi ya wasanii wa kikundi kile wakawa walimu wa chuo. Walikwenda kufundisha nini? Ni yale yale waliyofundishwa kijijini na wazee wao! Tangu mwaka 2007 chuo hicho kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kifupi TaSUBa. Vijana husoma huko na kupata cheti au stashahada. Unguja nako, mwaka 2001, kilianzishwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, na ngoma ni moja ya masomo yaliyofundishwa humo.

Kumbe elimu ya mpiga ngoma ni elimu kweli. Ina walimu, ina wanafunzi, ina vyeti.

MIKONO HUZEEKA

Lakini tusidanganyane. Kupiga ngoma usiku kucha ni kazi ya mwenye nguvu. Mabega huchoka. Viganja hupasuka. Tena siku hizi mwenye shughuli anaweza kukodi spika, na muziki ukalia mpaka asubuhi bila mpigaji hata mmoja. Mpigaji aliyetegemea mikono tu, mikono ikichoka atakula nini?

Hapo ndipo tunapoona faida ya kufundisha. Mikono huzeeka, lakini mapigo yanabaki kichwani. Mzee asiyeweza tena kukesha anaweza kukaa chini ya mwembe na kumsahihisha kijana. Mzee akifa bila kufundisha, mapigo yake yanazikwa naye. Hayo hayanunuliwi dukani wala hayarudi.

Kufundisha ngoma kuna hatua zake. Kwanza mwanafunzi anabeba ngoma na kutunza moto. Anasikiliza. Halafu anayatamka mapigo kwa mdomo na kupiga makofi. Halafu anapewa ngoma ndogo, ashike pigo moja bila kuliacha. Akiweza hilo, anapewa lingine. Mwisho kabisa ndipo anapokaa kwenye ngoma ya kiongozi. Kijana anayetaka kuanza na ngoma ya kiongozi, huyo bado hajajua anachokitaka.

Na mwalimu alipwe. Kama wazazi hawana fedha, wapatane siku za kumlimia shamba. Shule yenye kikundi cha ngoma nayo impe mzee chochote anapokuja kuwafundisha watoto. Mambo ya ndani ya jando na unyago yana wenyewe na mahali pake. Hayo hatuyaleti shuleni. Tunasema habari za mapigo na ufundi wa kuwamba ngoma.

KALAMU ITUSAIDIE

Wengi wetu tulijifunza kusoma na kuandika ukubwani. Basi tuitumie kalamu. Kikundi cha ngoma kikiitwa kwenye shughuli, kiandike mapatano mafupi namna hii:

"Leo tarehe ...... Kikundi cha ngoma cha kijiji cha ...... kitapiga ngoma nyumbani kwa ...... kuanzia saa ...... mpaka saa ...... Malipo ni shilingi ...... Nusu italipwa leo. Nusu italipwa ngoma ikiisha. Nauli na chakula ni juu ya mwenye shughuli. Sahihi ya mwenye shughuli ...... Sahihi ya kiongozi wa kikundi ...... Shahidi ......"

Karatasi ziwe mbili, kila upande ubaki na yake. Pombe ikiletwa, iwe ni ukarimu wa mwenyeji. Isihesabiwe kuwa malipo.

Sasa tufanye hesabu. Huu ni mfano tu. Kikundi cha watu 5 kimepatana shilingi 150,000 kwa usiku mmoja.

Malipo yote: shilingi 150,000
Mfuko wa ngozi na matengenezo: shilingi 30,000
Zinabaki: shilingi 120,000
Kila mtu: 120,000 kugawa kwa 5 = shilingi 24,000

Wakipata shughuli 6 katika msimu mmoja, kila mtu atapata 24,000 mara 6, yaani shilingi 144,000. Fedha hizo zinaweza kununua daftari na sare za watoto. Na mfuko utakuwa na shilingi 180,000. Ngozi ikipasuka, hakuna atakayehangaika.

Kikundi kinachotaka kutoka nje ya kijiji kimwone afisa utamaduni wa wilaya. Atawaeleza habari za kujiandikisha Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Kikundi kilichoandikishwa kinajulikana kilipo. Tamasha likitokea, kinaweza kuitwa. Mtwara liliwahi kufanyika tamasha la MaKuYa. Jina hilo ni la Makonde, Makua na Yao. Vikundi vya vijijini vilikusanyika humo na kuonyesha ngoma zao.

Ndugu wasomaji, wazee walisema ngoma ivumayo haidumu. Ni kweli, ngozi itapasuka siku moja. Lakini aliyefunzwa kuwamba atawamba nyingine. Mzee wa ngoma hapo kijijini kwenu bado yu hai? Basi mpelekeeni mwanafunzi mwaka huu, na mkono wa mwanafunzi usiende mtupu.

TUJADILIANE

1. Kijijini kwetu wako wapiga ngoma wangapi? Wenye wanafunzi ni wangapi?
2. Kwa nini tunapatana na fundi wa nyumba lakini hatupatani na mpiga ngoma?
3. Kikundi cha watu 6 kimelipwa shilingi 200,000. Kimeweka 20,000 kwenye mfuko. Kila mtu atapata shilingi ngapi?
4. Andikeni mapatano ya kikundi chenu kwa kufuata mfano tuliotoa.