Mtoto Ajifunzavyo Kusema Nyumbani

Jua limekwisha kupinda. Mama ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, na kando yake amesimama mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mkononi ana kikombe cha bati. Kikombe champonyoka, chalia sakafuni. Mtoto amtazama mama yake, kisha asema, "Kombe." Mama, bila ya kuacha kazi, amjibu, "Ee, kikombe kimeanguka. Kiokote, mwanangu." Mtoto ainama. "Kote," asema. "Ndiyo, kiokote ukilete hapa."

Maongezi hayo hayatimizi sekunde 15, na kabla nazi haijakwisha mama atakuwa ameyasahau. Lakini yakichunguzwa kwa makini, mna mambo mengi ndani yake. Mtoto amesema, naye amejibiwa. Neno lake pungufu limerudishwa kwake likiwa kamili. Na kitu chenyewe kilikuwa mbele ya macho ya wote wawili. Uchunguzi uliofanywa kwa zaidi ya nusu karne juu ya lugha ya watoto waonyesha kuwa lugha hujengeka katika maongezi mafupi ya namna hii, yanayorudiwa mara nyingi kila siku. Hayahitaji vifaa vya kununua. Yahitaji mtu wa kujibu.

Kabla ya ulimi, sikio

Mtoto haanzi kujifunza lugha siku atamkapo neno la kwanza. Katika miezi 3 ya mwisho ya mimba masikio yake yamekwisha kuanza kazi, na sauti imfikiayo zaidi ni ya mama. Mwaka 1980 wachunguzi wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walieleza jaribio walilofanya kwa watoto wenye umri wa siku chache tu. Mtoto alipewa chuchu ya mpira iliyounganishwa na chombo cha sauti. Aliponyonya kwa mwendo fulani alisikia sauti ya mama yake. Kwa mwendo mwingine alisikia sauti ya mwanamke mgeni. Watoto wale walibadili mwendo wa kunyonya ili wamsikie mama.

Miaka minne baadaye, huko Kanada, Janet Werker na Richard Tees walionyesha jambo jingine la kustaajabisha. Lugha ya Kihindi ina sauti mbili za t: moja hutamkwa ulimi ukigusa meno, nyingine ulimi ukiwa umekunjwa nyuma. Watoto wa miezi 6 hadi 8 kutoka nyumba zinazosema Kiingereza waliweza kuzitofautisha, ijapokuwa hawakupata kuzisikia nyumbani. Walipofika miezi 10 hadi 12, wengi wao hawakuweza tena. Sikio lilikuwa limekwisha kuchagua sauti za kushika na za kuacha. Ndiyo maana mgeni kutoka Uingereza, hata awe msomi namna gani, huhangaika na ng' ya ng'ombe, hali mtoto wa hapa aitamka bila ya kufundishwa.

Kwa hiyo mwenye kudhani kuwa hakuna haja ya kumsemesha mtoto asiyeweza kujibu amekosea hesabu. Isitoshe, mtoto hujibu. Katika mwezi wa pili au wa tatu hutoa sauti za kooni anapochekewa, na mama akinyamaza kidogo kumpisha, hurudia. Karibu na mwezi wa saba huanza "bababa" na "mamama". Mtaalamu wa lugha Roman Jakobson, katika makala yake ya mwaka 1960, alieleza kuwa sauti za midomo ni miongoni mwa zile zilizo rahisi kwa mtoto, na kuwa wazazi wa lugha nyingi wamezichukua kuwa majina yao wenyewe. Hata hivyo mama anayefurahi kwa kuitwa asikatizwe furaha yake. Furaha hiyo humfanya ajibu, na jibu lake humfunza mtoto kuwa sauti ina maana.

Si kila mahali ambapo ni desturi kuzungumza na mtoto mchanga. Katika baadhi ya vijiji vya Senegali wasemako Kiwolofu desturi haikuwahimiza wazazi kufanya hivyo, ingawa watoto walibebwa na kupendwa sana. Shirika la Tostan liliendesha huko mafunzo kwa wazazi, na matokeo yalitangazwa mwaka 2017 na Ann Weber, Anne Fernald na Yatma Diop. Baada ya mwaka mmoja, walezi katika vijiji vilivyopata mafunzo walikuwa wakiwasemesha watoto wao zaidi sana kuliko awali, na maendeleo ya lugha ya watoto hao yaliwapita wenzao wa vijiji visivyopata mafunzo. Mafunzo yenyewe yalitolewa kwa lugha ya wenyeji, na mazungumzo yalihusu shughuli zile zile za kila siku.

Ngeli za jikoni

Mwanafunzi wa sekondari akaririye ngeli za majina huku akitokwa jasho yafaa ajue kuwa alizitumia kabla hajaweza kufunga kamba za viatu. Jambo hili lastahili kutazamwa kwa utulivu, kwani hapa ndipo lugha za Kibantu zina lao la kuieleza sayansi.

Katika siku moja ya upishi mtoto huweza kusikia: kikombe kimeanguka, mkate umeanguka, embe limeanguka, ndizi imeanguka, kuku amekimbia. Hakuna anayemwambia kuwa ki- yavuta ki-, wala kuwa kuku, kwa kuwa ana uhai, hufuata a-. Huuokota utaratibu huo mwenyewe, kama aokotavyo punje za mchele zilizomwagika. Lakini ili aokote, sharti punje ziwepo. Mzazi aonyeshaye kidole na kutaja "kikombe, sahani, kijiko" ametoa majina matupu. Asemaye "kijiko hiki kichafu, kioshe, vile viwili vimekwisha kuoshwa" ametoa jina pamoja na sarufi yake yote, ya umoja na ya wingi, naye wala hakujua kuwa anafundisha.

Kamil Ud Deen, ambaye kitabu chake juu ya watoto wajifunzavyo Kiswahili kilitoka mwaka 2005, alichunguza maongezi ya watoto 4 wa Nairobi. Vitenzi vyao vya awali vilikuwa na mapengo upande wa mbele: kiambishi cha nafsi kilikosekana, au cha wakati, au vyote viwili, kama vile mtoto kusema "lala" mahali pa "amelala". Irabu ya mwisho, kwa kawaida, haikukosekana. Yafaa kukumbuka kuwa watu wazima wa Nairobi nao huviacha viambishi vya mwanzo mara kwa mara, hivyo mtoto hakuwa akizua tu. Katherine Demuth naye, aliyefanya uchunguzi Lesotho kwa watoto wa lugha ya Kisotho, aliona kuwa watoto huanza kwa kuacha viambishi vya majina, na kufikia umri wa miaka 3 hivi wengi huwa wamekwisha kuvitumia vema.

Sasa kirudiwe kile kikombe cha bati. Mkazo wa neno la Kiswahili huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "kikombe" na "kiokote", silabi zenye kusikika zaidi ni "kombe" na "kote", na hizo ndizo alizozishika mtoto. Kosa lake lilikuwa na mpango. Ndiyo sababu hakuna faida ya kumkemea, "Si kombe! Sema kikombe!" Mtoto akemewaye kila anenapo hujifunza kunyamaza. Wala si lazima kumwigiza na kumwambia "kombe" kwa kuwa lapendeza masikioni. Njia iliyo bora ni ile ya yule mama: kulipokea neno, kulirudisha likiwa zima ndani ya sentensi, kisha kuendelea na nazi.

Kazi za kutwa

Kuoga ni wasaa mzuri kwa mtoto wa mwaka mmoja, maana hana pa kwenda. "Lete mkono. Mwingine uko wapi? Huu hapa! Sasa mguu." Kukunja nguo kwafaa mtoto wa miaka miwili: "Hii ya nani? Ya baba. Na hii ndogo?" Kuchambua maharage kwampa nafasi ya kulinganisha, kuhesabu na kukataa: hili zima, hili limetobolewa, hili si harage, ni jiwe. Njiani kwenda bombani au dukani mna mambo ambayo nyumbani hayapo, na mtoto akirudi huweza kuulizwa amsimulie bibi aliyoyaona. Kusimulia jambo lisilokuwepo mbele ya macho ni hatua kubwa, tena ngumu, na mara nyingi masimulizi ya kwanza huwa ni neno moja tu: "Mbwa!" Bibi mwenye busara huuliza, "Mbwa alifanya nini?" kisha husubiri. Kusubiri huko ndiko wengi hukukosa. Mtoto huhitaji sekunde kadhaa kuyapanga maneno yake, na mkubwa mwenye haraka humjibia.

Kuna pia ile desturi ya kumwelekeza mtoto: "Mwambie babu shikamoo." Mtoto hutamka "koo", babu huitikia "marahaba", na wote hucheka. Demuth alieleza mwaka 1986 desturi inayofanana na hii miongoni mwa Wasotho, ambako mtu mzima humpa mtoto maneno ya kumwambia mtu mwingine. Hapo mtoto hufunzwa sauti na adabu kwa pamoja, na hufunzwa kuwa maongezi yana zamu. Akikua hadi miaka minne au mitano, vitendawili na ngano huichukua kazi hiyo. Mwenye kutega kitendawili hulazimika kukieleza kitu bila ya kukitaja, na hilo si jambo dogo kwa mtoto.

Nyumba nyingi zina mlezi ambaye si mama. Mama yuko shambani au kazini, na mdogo amebebwa mgongoni na dada au kaka arudiye kutoka shule. Wanafunzi wengi watakaousoma ukurasa huu ni walezi wa namna hiyo. Maneno wanayomwambia mdogo wao huingia katika hesabu ile ile.

Hesabu yenyewe imebishaniwa. Mwaka 1995 Betty Hart na Todd Risley walitoa matokeo ya kufuatilia familia 42 katika jimbo la Kansas, Marekani, wakisisitiza wingi wa maneno ambayo mtoto husikia. Wataalamu wengine wameyapinga makadirio yao. Mwaka 2018 Rachel Romeo na wenzake walichunguza watoto 36 wa miaka 4 hadi 6, wakaona kuwa zamu za maongezi baina ya mtoto na mkubwa zilihusiana na utendaji wa sehemu ya ubongo ishughulikiayo lugha, hata baada ya kuutoa wingi wa maneno katika hesabu. Redio iliyofunguliwa tangu alfajiri ina maneno mengi, lakini haimpi mtoto zamu. Patricia Kuhl na wenzake walilipima hilo mwaka 2003: watoto wa Marekani wa miezi 9 waliochezewa na msemaji wa Kichina ana kwa ana walizishika sauti za lugha hiyo, na waliomwona msemaji huyo huyo katika video hawakuzishika. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya televisheni wala simu.

Wazazi wengine huacha lugha yao na kumsemesha mtoto Kiingereza cha kubahatisha, kwa kuogopa kuwa lugha mbili zitamchanganya. Hofu hiyo haina msingi. Huko Kilifi, Kenya, Katie Alcock na wenzake walitayarisha orodha za maneno ya watoto kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, wakawauliza wazazi kwa mdomo kwa sababu wengi hawakujua kusoma. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 2015. Mtoto ajuaye maneno 20 ya Kigiriama kutoka kwa bibi na 20 ya Kiswahili kutoka kwa baba ana maneno 40. Kila mkubwa na aseme lugha aijuayo vizuri, kwani hiyo ndiyo atakayoweza kuijibia.

Mtoto akichelewa kusema, hunenwa kuwa ana ulimi mzito. Wakati mwingine shida iko sikioni. Usaha utokao sikioni mara kwa mara huweza kupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia vema hana cha kuiga. Mtoto asiyegeuka aitwapo jina akiwa na mwaka mmoja, au asiye na neno hata moja afikapo mwaka na nusu, au asiyeunganisha maneno mawili atimizapo miaka miwili, apelekwe zahanati akapimwe masikio. Aliyekuwa akisema kisha akaacha apelekwe upesi, awe na umri wowote. Ikionekana kuwa ni kiziwi, lugha ya alama aliyofunzwa mapema ni lugha kamili, nayo pia huanzia nyumbani.

Mwanafunzi apendaye kuuona ukuaji huu kwa macho yake hahitaji maabara. Charles Darwin aliandika katika daftari mambo ya mtoto wake mchanga aliyezaliwa mwaka 1839, akayachapisha mwaka 1877. Humo alieleza kuwa mtoto huyo alipotimiza mwaka mmoja alibuni neno lake mwenyewe la chakula, "mum". Daftari la namna hiyo lahitaji safu nne: tarehe, neno kama mtoto alivyolitamka, kitu alichokuwa akikitazama, na jibu alilopewa. Neno liandikwe kama lilivyotoka kinywani, bila ya kusahihishwa. Safu ya nne ndiyo ambayo wanaoanza huisahau, nayo isipojazwa, nusu ya maongezi imepotea.