Hatari ya safari ndefu imo kigimbini

Tangu Kenya Airways ianze kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, Oktoba 2018, wasomaji wanaulizia sana safari hiyo. Ni kilomita 11,800 hivi: kwenda takribani saa 15, kurudi takribani 14. Tofauti hiyo haitokani na dunia kuzunguka chini ya ndege, kama wengi mnavyoniandikia. Hewa nayo huzunguka pamoja na dunia. Upepo mkali wa juu, unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ndio unaoisukuma ndege ikirejea nyumbani.

Swali zito zaidi ni la damu kuganda miguuni. Mmeambiwa kwamba huko angani damu huwa nzito kwa sababu hewa ni nyepesi. Ndani ya Dreamliner, ndege ya safari hiyo, hewa huwekwa kama ya mahali palipo mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Nairobi yenyewe iko karibu na hapo, na watu wanaishi humo mwaka mzima.

Kigimbi ndicho cha kuangalia. Ndani yake, chini ya msuli unaoonekana, umelala msuli mwingine mpana wenye vena zilizojaa damu. Kila ukikanyaga, msuli huo hukaza, huzikamua vena, na damu hupanda kuelekea moyoni. Ukilegea, vali ndogo ndani ya vena hujifunga ili damu isirudi chini. Sasa keti saa nne, magoti yamekunjwa, ukingo wa kiti umebana nyuma ya paja. Msuli haufanyi kazi. Damu inajikokota, na nyuma ya kila vali kuna kifuko ambamo inazunguka papo hapo. Oksijeni humo hupungua, ukuta wa vena unashtuka na kuanza kunasa chembe za kugandisha. Bonge huanzia kwenye kifuko hicho, likakua kimyakimya. Kipande kikimeguka, kinakwenda hadi mapafuni, na huko kinaweza kuua.

Katika hayo yote, kilomita hazihusiki. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007: safari ya zaidi ya saa nne huongeza hatari takribani mara mbili, iwe ya ndege, treni, basi au gari dogo. Hata hivyo anayepatwa ni kama mtu 1 kati ya 6,000. Anayekwenda Mwanza kwa basi kutoka Dar es Salaam naye yumo.

Wanaowauzia wasafiri unga wa “kusafisha damu” wanawaibia. Damu yenu si chafu! Kitunguu saumu hakikamui vena. Aspirini pia msijimezee kwa ajili ya safari tu. Inaweza kuvujisha damu tumboni.

Simama utembee kila baada ya saa moja au mbili, chezesha vifundo ukiwa kitini, kunywa maji, acha vidonge vya usingizi. Mjamzito, aliyejifungua au kupasuliwa karibuni, mwenye saratani, anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, au aliyewahi kuganda damu, amwone daktari kabla ya kusafiri.

Miguu yote miwili kuvimba kidogo ni kawaida. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, hata wiki kadhaa baadaye, au pumzi ikikata ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo, na umtajie daktari safari yako hata kama ilikuwa ya basi.