Ubongo wa Mtoto na Lugha ya Darasani

Mtoto wa dada yangu anasoma mwaka wa kwanza wa shule ya msingi hapa Lubumbashi. Jioni moja alikuwa na hesabu ya Kifaransa: kuna maembe matano, mawili yameliwa, yamebaki mangapi? Alisoma kila neno vizuri, kisha akanyamaza. Nilipomwuliza kwa Kiswahili cha nyumbani, alijibu kabla sijamaliza. Mwalimu wake alikuwa amemwambia dada kwamba mtoto hana usikivu. Je, ni kweli?

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayotusaidia kuelekeza umakini, kujizuia, na kushika mambo akilini tunapoyafanyia kazi. Sehemu hiyo huchelewa kukomaa. Huendelea kukua hata baada ya miaka 20. Basi mtoto wa miaka sita hushika mambo machache kuliko sisi, na kelele ndogo humvuta. Huo si ukaidi.

Sikio la lugha, kinyume chake, huwahi. Mwaka 1984, watafiti Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba watoto wachanga wa Kanada, wenye miezi 6 hadi 8, walitofautisha sauti za Kihindi zisizotofautishwa katika Kiingereza cha kwao. Walipokaribia mwaka mmoja, wengi hawakuweza tena. Ubongo ulikuwa umekwisha kuchagua sauti za kuzingatia: zile za walezi wao.

Tukiunganisha mambo haya mawili, tunamwelewa mtoto wetu. Nafasi yake ndogo ya akili ilijazwa na kazi ya kufumbua maneno ya Kifaransa. Haikubaki ya kutoa mawili katika matano. Kwa Kiswahili, maneno yalipita bila jasho.

Sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa na za mahali zitumike kufundishia. Lakini sisi wa isimu tujihadhari: mtoto wa Lubumbashi husema “batoto”, kitabu kikisema “watoto”. Tukimpa Kiswahili sanifu peke yake tangu siku ya kwanza, tunaweza kumrudishia sehemu ya mzigo uleule. Tuanze na usemi wake, tumfikishe kwenye usanifu, kisha Kifaransa, hatua kwa hatua. Kuueleza usemi huo na kuuandikia vitabu ni kazi ya kitivo chetu. Kabla ya kusema mtoto hasikii, tuulize tunamsemesha kwa lugha gani.