KUCHOMELEA VYUMA: MWENYE MACHO AAMBIWE ASITAZAME

Yeyote apitaye Gerezani, jijini Dar es Salaam, hulakiwa na milio ya nyundo na mwanga mkali wa kibuluu. Ni kazi ya mafundi vyuma, watuundiao milango, madirisha, vitanda na mageti. Kazi hiyo ni ya heshima, na familia nyingi hula kwayo. Hata hivyo, mashine ya kuchomelea isipotayarishwa ipasavyo humdhuru fundi, na humdhuru pia mtoto wa jirani aliyesimama kutazama.

Kabla ya kuwasha

Jambo la kwanza ni mahali. Mashine yataka sakafu kavu, mbali na mbao, matambara, rangi na petroli. Pipa lililowahi kutiwa mafuta lisichomelewe hata kama laonekana tupu, kwa maana mvuke uliobaki ndani waweza kulipuka.

Pili ni umeme. Nyaya zilizochunika zibadilishwe, na bodi ya mashine iunganishwe na waya wa ardhini. Huu ni tofauti na ule wenye kibanio ambao mafundi huuita "ethi", ambao kazi yake ni kuurudisha umeme kwenye mashine. Kibanio hicho hubanwa kwenye chuma kinachochomelewa, mahali palipokwanguliwa kutu na rangi, karibu na kiungo. Mashine nyingi huwa na volti kati ya 50 na 80 kabla ya moto kushika. Kiasi hicho chaweza kumuua mtu aliyelowa jasho au aliyesimama kwenye maji.

Tatu ni kipimo. Kijiti cha milimita 2.5, kinachotumika sana kwa mageti na madirisha, huhitaji takriban ampea 70 hadi 90. Cha milimita 3.2 huhitaji takriban 100 hadi 130. Umeme ukipungua, kijiti hunata. Ukizidi, chuma chembamba hutoboka.

Wakati wa kazi

Kijiti huparuzwa juu ya chuma kama njiti ya kiberiti, kisha huinuliwa kidogo, kwa umbali usiozidi unene wake. Moto ukitulia husikika kama mafuta ya kukaangia. Fundi husogeza mkono taratibu, na chuma kikishapoa hugonga gamba jeusi ili aukague mshono. Hapo pia avae miwani, maana vipande vya gamba huruka.

Mwanga wa kuchomelea una miali isiyoonekana inayounguza macho. Miwani ya jua haitoshi. Fundi hana budi kuvaa ngao ya uso yenye kioo cheusi cha namba 10 au 11, glavu za ngozi, viatu vilivyofunika mguu na nguo nzito za pamba. Moshi nao si wa kupuuzwa: mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliutaja miongoni mwa visababishi vya saratani. Basi kazi ifanyike penye hewa ya kutosha.

Usiku nyumbani

Wazazi wafahamu kwamba macho yaliyounguzwa hayaumi papo hapo. Mtoto aliyesimama kutazama alipotoka shule mchana aweza kuamka usiku akilia kwamba ana mchanga machoni. Macho huwa mekundu, hutoa machozi na hayastahimili taa. Asiyapikiche, wala yasitiwe maziwa au dawa ya kubahatisha. Afunikwe kitambaa safi kilicholowa maji baridi, apumzike gizani, na apelekwe hospitali. Mara nyingi nafuu hupatikana katika siku moja au mbili, lakini kuunguzwa mara kwa mara huweza kuleta madhara ya kudumu.

Dawa ya yote hayo ni rahisi. Fundi atundike turubai kuukinga mwanga kwa wapita njia, na mzazi amkataze mwanawe kusimama hapo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mbele ya moto huu, mwenye macho na aambiwe asitazame.