Mhandisi wa kemikali aliyeingia hospitalini

Ukisikia "mhandisi wa kemikali" unafikiria nini? Pengine mitambo ya mafuta, au kiwanda cha mbolea. Kweli, wengi huishia huko. Lakini Profesa Robert Langer wa Marekani aliichukua fani hiyohiyo akaipeleka hospitalini.

Langer alizaliwa mwaka 1948 mjini Albany, jimbo la New York. Mwaka 1974 alipata shahada ya udaktari ya uhandisi kemikali katika chuo cha MIT. Siku hizo mafuta yalikuwa yameadimika, na kampuni za mafuta ziliwagombania vijana kama yeye. Alipewa nafasi za kazi kama 20, zote akazikataa! Alitaka kazi itakayosaidia watu moja kwa moja. Aliomba kwingine bila kujibiwa, mpaka Dk. Judah Folkman, daktari mpasuaji wa hospitali ya watoto mjini Boston, alipomchukua.

Tatizo lenyewe

Ukimeza kidonge, dawa hupanda haraka kwenye damu, halafu hushuka. Ikizidi inaweza kukudhuru. Ikipungua mno, ugonjwa unapata nafasi. Ndiyo maana unaambiwa umeze asubuhi, mchana na jioni. Je, dawa haiwezi kutoka yenyewe kidogo kidogo?

Kwa molekuli ndogo inawezekana, na vijiti vya uzazi wa mpango hufanya kazi hivyo. Lakini molekuli kubwa, kama protini, wataalamu walisema haziwezi kupenya kwenye plastiki.

Langer alijaribu njia zaidi ya 200, zikagoma. Mwishowe alipata plastiki yenye vitundu vilivyopindapinda kama vichochoro vya uswahilini. Molekuli huzunguka humo, hugonga ukuta, hurudi, kisha hutoka moja moja, hata kwa zaidi ya siku 100. Yeye na Folkman walitangaza matokeo hayo mwaka 1976.

Unadhani alishangiliwa? Wapi! Maombi yake tisa ya kwanza ya fedha za utafiti yalikataliwa.

Hakuacha. Mwaka 1996 Marekani iliidhinisha vidonge bapa ambavyo daktari huviweka ndani ya ubongo baada ya kuondoa uvimbe wa saratani. Dawa hutoka palepale, polepole. Haviponyi kila mtu, ila vimewaongezea baadhi ya wagonjwa muda wa kuishi. Mwaka 2010 Langer alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Moderna, kampuni ambayo chanjo yake ya Uviko-19 ilianza kutumika mwaka 2020.

Na wewe je?

Kwanza, ukipewa vidonge vya kutoa dawa polepole, usivitafune wala kuvivunja bila kumuuliza mfamasia. Ukifanya hivyo, dozi ya saa nyingi inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo.

Pili, kama unaiweza kemia na hisabati lakini ukiona damu unazimia, usikate tamaa. Hospitali inahitaji pia watu wanaojua jinsi dawa inavyosafiri. Kabla hujachagua masomo ya kidato cha tano, kaa na mwalimu wako wa kemia mzungumze.