Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Mama Yake Kufika

Katika lahajedwali ya kumbukumbu za uzazi niliyoletewa kutoka kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, kulikuwa na mama mmoja aliyepokelewa saa 01:40 usiku na kujifungua saa 01:10 usiku huohuo. Yaani mtoto alizaliwa nusu saa kabla ya mama yake kuingia mlangoni. Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, na nimezoea kusoma kumbukumbu zenye kasoro. Kasoro hii, hata hivyo, ilinifanya nikumbuke nyingine, niliyoisoma miezi michache kabla yake, ambayo kwayo nilikuwa nimemlaumu mtu asiye na hatia.

Makala haya yanahusu saa ya kompyuta kuukuu. Nayaandika katika jarida la afya kwa sababu vituo vingi vya kutolea huduma vinatumia kompyuta za aina hiyo, na kwa sababu kosa nitakalolieleza lilikuwa langu.

Chanzo cha tatizo

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Songo Songo katika huduma ya mkoba. Wengi wanakijua kisiwa hiki kwa gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika kibiashara jijini Dar es Salaam mwaka 2004. Wakazi wake wanakijua zaidi kwa samaki na pweza, na kwa safari ya mashua inayomtenganisha mgonjwa na hospitali ya bara. Huko kila rufaa hupimwa kwa upepo, mafuta ya mashine na hali ya maji, kwa hiyo kujua jambo limechukua muda gani ni sehemu ya tiba.

Nilipoondoka niliwaachia wakunga kompyuta yangu ya mkononi ili wanakili humo yaliyomo katika rejista ya karatasi. Niliwafundisha kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja ili lahajedwali ijiandikie saa yenyewe: mama anapopokelewa, mtoto anapozaliwa, na kondo la nyuma linapotoka. Nilijisifu moyoni kwamba nimeondoa makosa ya kalamu.

Kompyuta ile niliinunua ikiwa imetumika, iliyoingizwa nchini kutoka Uingereza. Siku ya kwanza saa yake ilikuwa nyuma ya saa yetu kwa muda wa saa tatu. Nikaisogeza mbele kwa mkono, ikakaa sawa. Kila nilipoiunganisha na intaneti ilirudi nyuma tena. Nikazima kipengele kinachoilinganisha saa na intaneti, na usumbufu ukakoma. Kwa lugha ya kitabibu, nilikuwa nimeshusha homa bila kutafuta kinachoileta. Ndani yake mashine ile iliendelea kuamini kwamba iko London.

Usiku wa Machi

Faili la kwanza lilinifikia katikati ya mwaka. Katika usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya mwezi Machi, mama mmoja alijifungua saa 00:50, na kondo la nyuma likaandikwa kuwa limetoka saa 02:05. Hizo ni dakika 75. Kondo lisipotoka ndani ya dakika 30 baada ya mtoto kuzaliwa tunalihesabu kuwa limekwama, na kondo lililokwama ni miongoni mwa visababishi vya kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, hatari iliyo mbele kabisa katika vifo vya uzazi duniani. Kwa kisiwa, dakika 75 zilimaanisha kwamba mashua ilipaswa kuwa imekwisha kuitwa.

Nilimwandikia mkunga aliyekuwa zamu nikitaka maelezo. Ni mama mtu mzima, anayekaribia kustaafu, ambaye mimi humwamkia shikamoo. Alinijibu kwa adabu na kwa ufupi: “Daktari, kondo lilitoka zima, hata uji wa mzazi ulikuwa haujapoa. Nimeandika kwenye karatasi kwa saa yangu ya mkononi.” Karatasi yake ilisema saa saba na dakika tano usiku, yaani 01:05. Dakika 15 tu.

Nilikuwa na ushahidi wa aina mbili, nikachagua mashine. Niliona kuwa karatasi huweza kujazwa baadaye ili kuficha uzembe, lakini mashine haina sababu ya kudanganya. Nikaliweka tukio lile katika orodha ya ucheleweshaji, mbele ya namba ya zamu ya mama yule.

Kisha likaja faili la pili, lenye mtoto aliyemtangulia mama yake. Tukio hilo lilikuwa la usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Hakuna mkunga anayeweza kufanya uzembe wa namna hiyo. Nilipoziweka tarehe mbili kando kwa kando, nikaelewa.

Kwa nini saa iliruka

Nchi za Ulaya husogeza saa mbele kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Utaratibu huu, unaoitwa saa ya majira ya joto, ulianzishwa kitaifa na Ujerumani na Austria-Hungaria mwezi Aprili mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ili kupunguza matumizi ya nishati ya kuwashia taa. Uingereza ikafuata mwezi uliofuata. Kwao una mantiki: mjini London mchana mfupi kuliko yote mwakani hudumu chini ya saa nane, na mrefu kuliko yote huzidi saa kumi na sita. Kwetu hauna kazi. Songo Songo ipo takriban nyuzi nane na nusu kusini ya Ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi kuliko yote ni kama saa moja tu. Tanzania hukaa saa tatu mbele ya saa ya Greenwich mwaka mzima.

Basi usiku ule wa Machi, ilipofika saa saba kamili usiku, kompyuta iliyojidhania iko Uingereza iliruka hadi saa nane. Mtoto alizaliwa kabla ya kuruka, kondo likatoka baada ya kuruka, na dakika 15 zikageuka 75. Wiki hiyohiyo mhudumu mmoja aliona saa imekwenda mbele, akairudisha kwa mkono kama nilivyokuwa nimefanya mimi. Oktoba ilipofika, saa nane kamili usiku ikarudi kuwa saa saba. Saa moja ikaishi mara mbili: mama alipokelewa katika mara ya kwanza, akajifungua katika mara ya pili.

Ukubwa wa kosa hutaja ugonjwa

Tangu hapo nimejifunza kuichunguza saa ya kompyuta kama ninavyomchunguza mgonjwa, nikianza na historia: imekosea kwa kiasi gani, na tangu lini?

Ikiwa imekosea kwa saa moja, na kosa lilianza Jumapili ya mwisho ya Machi au Oktoba, mashine imewekwa katika ukanda wa saa wa Ulaya. Ikiwa lilianza Jumapili ya pili ya Machi au ya kwanza ya Novemba, ni ukanda wa Marekani, ambako tarehe hizo zinatumika tangu mwaka 2007.

Ikiwa imekosea kwa muda wa saa tatu, mara nyingi inafuata saa ya Greenwich yenyewe. Hili hutokea pia pale kompyuta moja inapokuwa na Windows na Linux kwa pamoja, kwa kuwa programu hizo mbili huisoma saa ya ndani ya mashine kwa namna tofauti.

Ikiwa imekosea kwa saa kumi na mbili, mtu alichanganya asubuhi na jioni wakati wa kuiweka.

Ikiwa imerudi nyuma kwa miaka, betri ndogo ya ndani imekufa. Katika kompyuta nyingi za mezani ni ile ya mviringo kama sarafu, ya volti 3, iliyoandikwa CR2032. Dalili yake nyingine ni kwamba kurasa za intaneti zilizolindwa hukataa kufunguka, kwa kuwa kwa mujibu wa saa ya mashine vyeti vyake vya usalama havijaanza kutumika.

Ikiwa tofauti ni saa sita, kompyuta ni nzima. Hapo kosa ni letu, nami nitalirudia.

Tiba kwa mpangilio wake

Anza na ukanda wa saa, kisha saa yenyewe. Ukigeuza mpangilio huo, utairekebisha saa, halafu itaruka tena pindi utakapobadilisha ukanda. Katika Windows, za zamani na za sasa, shikilia kitufe chenye nembo ya Windows, bonyeza R, andika timedate.cpl, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Dirisha la tarehe na saa litafunguka.

Katika orodha ya kanda chagua ile ya +03:00 iliyoandikwa Nairobi. Usichague nyingine kwa sababu tu nayo ni +03:00. Katika Windows XP, kwa mfano, Baghdad na Moscow zimo katika kundi hilohilo, nazo zilikuwa na saa ya majira ya joto. Iraki iliacha utaratibu huo mwaka 2008 na Urusi mwaka 2011, lakini mashine isiyopata masasisho haina habari. Katika Linux chagua Africa/Dar_es_Salaam. Ukiona kisanduku cha kuruhusu saa kujisogeza kwa majira, hakikisha hakina alama ya tiki.

Sasa rekebisha tarehe na saa kwa kulinganisha na simu inayopokea saa kutoka mtandao wa simu. Hatimaye washa tena kipengele cha kulinganisha saa na intaneti. Ukanda ukiwa sahihi, hakitakusumbua. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, subiri, uwashe. Saa ikiwa imepotea, badilisha betri.

Kuna faraja kwa wenye kompyuta kuukuu. Windows XP iliacha kupata masasisho Aprili 2014, na kila nchi inayobadilisha sheria zake za saa huiacha mashine hiyo nyuma. Sisi hatubadilishi saa. Ikishawekwa katika ukanda wa Nairobi, haihitaji kuambiwa chochote kipya kuhusu Machi wala Oktoba.

Kumbukumbu zilizokwisha kuharibika zisifutwe. Orodhesha tarehe zilizoathirika, linganisha na rejista ya karatasi, andika saa sahihi pembeni ya ile yenye makosa, kisha weka jina na tarehe ya marekebisho.

Saa sita zetu

Msomaji wa pwani anajua kwamba saa yetu huanza na jua: linapochomoza tunahesabu saa moja ya mchana ikikaribia, na kompyuta husema 07:00. Mhudumu anayeandika “saa 2:00” bila kuongeza neno ameacha nafasi ya tafsiri nne: 08:00, 20:00, 02:00 au 14:00. Tarehe nayo ina mtego. Wazee wengi wa pwani huhesabu kwamba siku huanza jua linapotua; bibi akisema mjukuu wake kazaliwa usiku wa Ijumaa, huenda anakusudia usiku ambao kalenda ya ofisini inauita Alhamisi. Ni vema kumuuliza: usiku wa kuamkia siku gani?

Mtego mwingine uko katika maelekezo ya dawa. Dozi ya pili ya dawa mseto ya malaria hutolewa muda wa saa nane baada ya ile ya kwanza. Mama aliyempa mtoto dozi ya kwanza saa nne asubuhi, akaambiwa “mpe nyingine baada ya saa nane”, anaweza kwa haki kabisa kuelewa saa nane mchana, na kumpa mtoto dawa baada ya nusu tu ya muda uliokusudiwa. Mwambie: “Mpe tena saa kumi na mbili jioni.” Katika maandishi tutumie saa 24, katika mazungumzo tutumie saa ya Kiswahili pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Kurudi kisiwani

Nililiondoa tukio la Machi katika orodha, nikaandika barua ya kulisahihisha, kisha nikapanda mashua kwenda kuomba radhi mwenyewe. Mama yule alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama siku ile nilipopokea faili nilifikiria kupiga simu na kuuliza kompyuta inasema saa ngapi. Nikakiri kwamba sikufikiria. Akasema kwamba yeye alijua haiko sawa tangu alfajiri ya Jumapili ile, kwa kuwa adhana ilikuja saa nzima baada ya pale kompyuta ilipoitarajia. Lakini hakuna aliyemuuliza, na mashine ilikuwa ya daktari.

Leo pembeni ya kompyuta ile pamebandikwa karatasi yenye mwandiko wake. Inaagiza kwamba kila anayeingia zamu ailinganishe saa ya kompyuta na saa ya ukutani na simu, aandike tofauti aliyoiona, na aweke sahihi. Kazi hiyo haifiki dakika moja. Nimeuchukua utaratibu huo na kuuweka katika wodi yangu.